Apache imegoma baada ya kuweka PHP: maswali na majibu

Asalaam aleikum mafundi. Nimeweka PHP 8 (lugha ya kuandikia tovuti) kwenye kompyuta ya Windows dukani kwetu Mwembe Tayari. Tangu niongeze mstari wa LoadModule, unaoiambia Apache (programu ya seva ya tovuti) ipakie PHP, Apache haiwaki, nikiuondoa, inawaka.

Waaleikum salaam. Usifute kitu wala kuanza upya. Fungua dirisha la amri, ingia C:\Apache24\bin, andika `httpd -t`. Itakutajia faili na nambari ya mstari wenye kasoro.

Ikisema "The specified module could not be found", tazama ndani ya C:\php kama lipo faili la php8apache2_4.dll. Halipo? Basi ulipakua toleo la NTS (Non Thread Safe), na hilo halina faili hilo kabisa. Chukua lililoandikwa Thread Safe. Kama lipo na ujumbe ni uleule, kinachokosekana ni kitu kingine ambacho faili hilo hukitegemea, mara nyingi Visual C++ Redistributable ya Microsoft. Hapo ndipo wengi hupoteza siku nzima, maana ujumbe unawafanya watafute faili walilonalo tayari.

"Not a valid Win32 application" ni jambo jingine: Apache ni ya biti 64 na PHP ya biti 32, au kinyume chake. Zilinganishe.

Kisha hakikisha httpd.conf, faili la mipangilio ya Apache, ina mistari hii:

`LoadModule php_module "C:/php/php8apache2_4.dll"`
`AddHandler application/x-httpd-php .php`
`PHPIniDir "C:/php"`

Tumia / na si \. Jina ni php_module, bila nambari. Php7_module lilikuwa la PHP 7, na maelekezo ya zamani bado yanalitaja.

Mimi niko Kisauni, natumia Ubuntu 24.04. Apache inakataa ikisema "Apache is running a threaded MPM, but your PHP Module is not compiled to be threadsafe". Nifanyeje?

Apache yako inatumia mpm_event, moja ya MPM (moduli za kuhudumia wageni), inayohudumia wageni wengi kwa nyuzi (threads, kazi zinazokwenda sambamba) ndani ya kila mchakato. Moduli ya PHP ya Ubuntu haikutengenezwa kwa mtindo huo. Watu wengi watakwambia uhamie mpm_prefork, na kweli itawaka, ila prefork hutenga mchakato mzima kwa kila ombi na hula memori. Kwenye seva ndogo ya GB 1 utajuta. Sisi tunakushauri PHP-FPM, inayoendesha PHP kando, nje ya Apache:

`sudo apt install php8.3-fpm`
`sudo a2dismod php8.3`
`sudo a2enmod proxy_fcgi setenvif`
`sudo a2enconf php8.3-fpm`
`sudo apachectl configtest`
`sudo systemctl restart apache2`

Usiiwashe upya kabla configtest haijajibu "Syntax OK".

Apache inawaka, lakini kivinjari kinaonyesha msimbo wenyewe wa PHP. (Changamwe)

Mstari wa AddHandler haupo, au unafungua faili kwa kulibofya badala ya kupitia http://localhost. Kama seva iko hewani, izime sasa hivi: nenosiri la hifadhidata lililo ndani ya faili linasomwa na yeyote. Ukishatengeneza, badilisha nenosiri hilo.

Nilikuwa na Nginx (seva nyingine ya tovuti) inafanya kazi vizuri. Nikaandika `apt install php`. Umeme ulipokatika na kurudi, tovuti ya shule ikawa ukurasa wa Apache, na mimi sikuweka Apache! (Likoni)

Uliiweka bila kujua. Kifurushi cha php kwenye Ubuntu huvuta Apache pamoja nacho iwapo hujaweka FPM kwanza. Wakati ule Nginx ilikuwa imeshika poti 80 (mlango wa maombi ya tovuti), kwa hiyo hukuona tofauti. Mashine ilipowaka upya, Apache ikawahi. Thibitisha kwa `sudo ss -ltnp | grep ':80'`, kisha:

`sudo systemctl disable --now apache2`
`sudo apt install php8.3-fpm`
`sudo systemctl restart nginx`

Ukipata 502 Bad Gateway, tazama fastcgi_pass, mstari unaoiambia Nginx ilipo PHP, kwenye mipangilio ya tovuti. Kwenye Ubuntu 24.04 lazima iwe `unix:/run/php/php8.3-fpm.sock;`. Mipangilio iliyonakiliwa kutoka Ubuntu 22.04 huwa na 8.1, na soketi hiyo kwako haipo.