Maswali na majibu: Ugenini bila lugha

Nikariri sentensi ngapi kabla ya safari?
Chache, na uanze na namba. Watu wanakariri "choo kiko wapi?" kwa lafudhi safi, wakijibiwa wanakodoa macho. Kuuliza ni rahisi, kazi iko kwenye kulielewa jibu. Basi uliza maswali ambayo jibu lake ni ndiyo, hapana, namba au kidole kinachoelekeza. Badala ya "nifikeje stesheni?", ielekee barabara unayodhani ndiyo na useme "stesheni?" tu. Na namba zenyewe zina vituko: Mjerumani akitaja 21 huanza na moja, Mfaransa 70 kwake ni sitini na kumi, wakati jirani yake Mbelgiji anayezungumza Kifaransa hichohicho ana neno moja tu la 70. Ukikwama, mpe muuzaji kalamu aandike bei.

Simu si inatafsiri kila kitu siku hizi?
Swali hili haliishi, na wanaoliuliza nadhani hawajawahi kuishiwa chaji. Google Translate hufanya kazi bila intaneti iwapo tu lugha yenyewe umeipakua mapema. China bara, huduma nyingi za Google zimefungwa. Hata pale inapofanya kazi, ilishe sentensi fupi, bila methali wala utani, kisha tafsiri uliyopata irudishe kwenye lugha yako. Ikirudi kichekesho, usimwonyeshe mtu.

Kutikisa kichwa si kunaeleweka popote?
Nenda Bulgaria ukajionee. Huko kukitikisa kushoto na kulia ni kukubali.

Nisipoeleweka niongeze sauti?
Hapana. Shida si masikio yake.

Wakala amenipa mkataba nisioweza kuusoma, anasema wote husaini. Nisaini?
Nimeshajibu hili na nitalijibu tena: usisaini. Mkalimani aliyeletwa na wakala anamtumikia wakala. Omba nakala, ondoka nayo, mtafute msomaji asiyelipwa na upande wowote. Akikataa kukupa nakala, umeshapata jibu. Pasipoti nayo usimwachie "aitunze". Ukikamatwa na polisi, msimamo ni uleule. Chini ya Mkataba wa Vienna wa 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli, una haki ya kuomba ubalozi wako ujulishwe. Mahakamani, nchi zilizoridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966 zinapaswa kumpa mshtakiwa mkalimani bila malipo. Idai haki hiyo kabla ya kutia saini maelezo yoyote, maana kuyakana baadaye ni shughuli pevu.

Mwanangu wa miaka kumi anaijua lugha ya hapa. Anitafsirie hospitalini?
Akununulie tiketi, sawa. Hospitalini asikutafsirie. Mtoto huruka asichokielewa, hulainisha kinachomtisha, na wewe mwenyewe utaficha dalili usizotaka azisikie. Kisha dozi ikikosewa utamlaumu nani? Omba mkalimani siku unapoweka miadi, usingoje mpaka uitwe kwa daktari.