Nauli nitume au niende? Mimi huenda, tena na ndoana

Mhariri, swali lenu la wiki hii linasema: mtu akiwa na siku chache za mapumziko na hela ya kuungaunga, ni bora nauli awatumie wazazi wake kijijini kwa simu, au aende mwenyewe? Ofisini kwetu tumelijadili wakati wa chai, na karibu wote wamesema atume. Wazee wanahitaji sukari na dawa, wanasema, hawahitaji mtu wa kuja kulala siku mbili na kuwamalizia kuku. Mimi nasema aende. Na kama kwao kuna maji, aende na ndoana.

Nikiri kwanza kwamba kwangu ni rahisi kusema hivyo. Nakaa Nyakato, Mwanza, na wazazi wangu wako Ukerewe. Ijumaa nikiomba ruhusa mapema nawahi chombo cha kwenda Nansio, mwendo wa saa tatu na ushee, kisha bodaboda hadi nyumbani. Ziwa likichafuka, au nisipopenda sura ya mawingu, kuna njia ya kuzunguka kwa basi: Magu, Lamadi, Bunda, mpaka Kisorya, unavuka na kivuko kwenda Rugezi, na hapo umeshaingia kisiwani. Inachosha, lakini mama anaipenda zaidi hiyo. Tangu kivuko cha MV Nyerere kizame Septemba 20, 2018, karibu kabisa na gati la Ukara, kisiwa jirani, watu zaidi ya 220 wakafa, mama hapiki chakula cha jioni mpaka nimpigie kusema nimeshuka. Mwenzangu wa Songea au Kigoma anayefanya kazi Dar es Salaam ana hesabu nyingine kabisa, wala simlaumu.

Tatizo letu sisi wa mjini ni kwamba tumewazoesha wazazi kutuona kwa sababu. Msiba, harusi, Krismasi, kesi ya mpaka wa shamba. Mara ya kwanza kwenda bila sababu, baba alinipokea mlangoni na swali kabla hata sijamaliza shikamoo.

"Marahaba. Kuna nini?"

"Hakuna kitu, baba. Nimekuja kuwasalimia."

"Hakuna aliyefariki?"

"Hakuna, baba."

"Kazini hawajakufukuza?"

Alinitazama mpaka jioni akisubiri nitoe lililonileta. Na kwa kweli kwenye misiba na harusi huwaoni wazazi. Mama yuko kwenye masufuria na wanawake wenzake, baba yuko kwenye benchi na wazee, wewe unagawa soda. Unaondoka umewasalimia watu mia moja na hao wawili uliowafuata hamjaongea.

Sasa hata ukienda siku ya kawaida, sebule nayo ni kizuizi. Nikifika mimi, binti niliyezaliwa na kukulia nyumba ile, naletewa kiti chenye kitambaa. Mtoto anatumwa soda dukani. Baba anakaa upande wa pili, ananiuliza kazi inaendaje, anauliza bei ya mchele Mwanza, namjibu, halafu redio inachukua zamu. Nimekuwa mgeni, na mgeni hasemwi naye mambo ya ndani. Ndiyo maana nikaanza kumletea baba ndoana badala ya shati. Mama ana orodha yake isiyobadilika: mikate, sukari, majani ya chai, sabuni ya mche. Baba anataka ndoana na nailoni, na ananitajia namba kwa ukali, kwa sababu wauzaji wa mjini wasiovua hawajui kwamba kwenye ndoana namba ikiwa kubwa ndoana inakuwa ndogo. Ukimletea kinyume chake atakaa nayo kwenye kopo mwaka mzima kukukumbusha.

Tunachimba nyungunyungu jioni, nyuma ya jiko, pale kwenye migomba ambako maji ya vyombo humwagwa. Tunawaweka kwenye kopo lenye udongo wa unyevu na kulifunika na jani. Fito zipo siku zote, zimesimamishwa pembeni ya ukuta. Chelezo ni kipande cha kandambili iliyokatika, kimekatwa kwa wembe na kutobolewa kwa msumari wa moto. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla upepo haujaanza, tunakuwa tumeshakaa kwenye majabali.

Majabali, si mtumbwi. Kwetu wavuvi wengi wa zamani hawataki mwanamke apande chombo cha kuvulia, wanasema ni mkosi, na baba aliyekuwa mvuvi enzi zake hajalitupa hilo moja kwa moja ingawa kanisani anaimba kwaya. Nilishabishana naye, sasa nimeacha. Jabali linanitosha. Kuna sababu nyingine pia ambayo hiyo nakubaliana naye: hatusimami majini. Kichocho kimeenea sana Ukerewe, konokono wanaokieneza wanapenda ufuko uliotulia wenye majani, na mtu anayevua akiwa amezama hadi magotini anakwenda kuvuliwa yeye.

Asubuhi hiyo wa kwanza kuja ni furu, visamaki vidogo vya ziwani. Wanadonoa, wanadonoa, chelezo kinachezacheza, ukivuta unakuta ndoana imelambwa safi. Gogogo ni mwingine: huyo anameza mpaka ndani, na ukimtoa unaanza shughuli, kwa sababu anasimamisha miiba yake ya mgongoni na ya ubavuni, anaikaza, huku anakoroma kama mlango mbovu. Baba anamshika kwa kitambaa. Sato ndiye tunayemngoja. Sato hadonoi. Chelezo kinalala, kinaanza kwenda pembeni taratibu kama kina safari zake, halafu kinapotea. Mdogo anarudishwa. Sheria inataka sato asipungue sentimita 25, na baba hana rula, ana shubiri yake: samaki akiishia ndani ya shubiri anarudi ziwani, akizidi kwa vidole viwili au zaidi anaingia kwenye ndoo.

Hapo ndipo mazungumzo yanapoanza, kwa sababu hakuna anayemtazama mwenzake usoni. Wote mnatazama chelezo. Baba ambaye sebuleni ana sentensi tatu, juu ya jabali ananihadithia ziwa la utotoni mwake, furu wengi kiasi cha kuchotwa na watoto kwa kipande cha chandarua, na samaki wa zamani kama ngege, na ningu waliopanda mito wakati wa mvua. Sangara aliletwa ziwani na Waingereza wakati wa ukoloni, miaka ya 1950, lakini kwetu walifumuka miaka ya 1980. Anasema mwanzoni watu hawakumtaka, ana mafuta mengi, ukimkausha juani anaoza. Kisha vikaja viwanda vya minofu Mwanza, sangara akawa hela, wenye mji wakabaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa. Leo bondo, kile kifuko cha hewa cha sangara kinachopelekwa China, kilo kwa kilo lina bei kubwa kuliko nyama yenyewe. Furu aina nyingi walimalizwa, ingawa baadhi wamerudi. Baba ananiambia haya bila kulalamika. Yeye mwenyewe alijenga nyumba yetu kwa hela ya sangara, na ada yangu ya sekondari ilitoka humo humo.

Lakini nilitaka kueleza jambo lingine, ambalo ndilo lililonifanya niandike.

Kwa muda baba alikuwa ananiagiza kandambili nyekundu. Alisisitiza: si ya bluu, nyekundu. Nikadhani ni upendeleo wa mzee. Safari moja tulipokaa kwenye jabali alitoa ndoana mpya, akachukua nailoni, akaanza kutafuta tundu. Mtu aliyefunga ndoana mia kwa usiku mmoja, mtumbwi ukiyumba, kwa mwanga wa karabai. Akajaribu, akailowesha nailoni kwa mate, akajaribu tena. Kisha akaninyooshea vyote viwili bila kuniangalia.

"Hebu mama, nifungie hapo. Jua linanipiga machoni."

Huniita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. Jua lilikuwa mgongoni kwetu. Nikafunga, sikusema kitu. Baadaye akauliza, "Kimezama?" Chelezo chake kilikuwa kinaelea pale pale, hatua chache mbele yetu, kipande chekundu juu ya maji ya kijivu. Nikamgeukia nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza asubuhi ile, na katikati ya mboni ya jicho la kulia nikaona weupe, kama tone la maziwa.

Kwenye simu tulikuwa tunaongea kila Jumapili. "Hatujambo, ni uzee tu." Hilo ndilo jibu la kila mzazi Tanzania nzima, na ndani ya huo uzee tu unaweza kuficha kisukari, presha, nyumba inayovuja na mbuzi aliyeibiwa. Nilipomuuliza mama jikoni akasema anajua, mzee amekuwa akimimina chai nje ya kikombe, ila alimkataza kusema. "Aliniambia nisiwasumbue watoto." Alikuwa anaparua magamba, hakuinua kichwa. Siku hiyo alituchemshia sato wawili na nyanya, kitunguu na ndimu, bila mafuta, na ugali wa udaga, ule wa muhogo unaovutika mkononi. Mama hatuheshimu kama wavuvi. Anasema sato wazuri zaidi wapo mwaloni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, wamelala wanasubiri mtu mwenye akili.

Ilikuwa mtoto wa jicho. Mzee alikuwa anaamini ni kufa kwa macho, kwamba mtu akizeeka macho nayo yanakwenda. Mtaalamu wa macho Mwanza akamweleza kwamba ni lenzi ya ndani imeingia ukungu, inatolewa na kuwekwa ya bandia, tena mgonjwa akiwa macho, amepigwa sindano ya ganzi tu. Alifanyiwa jicho la kulia, siku ya pili wakamtoa bandeji. Alikaa kwangu Nyakato akisubiri kurudi kliniki, na sijawahi kuona mtu aliyechoshwa na mji kiasi kile. Ilipofika siku aliyoruhusiwa kutembea akaenda mpaka soko la Mwaloni Kirumba kutazama samaki, akarudi anatukana bei za dagaa na kusema wale wamekaushwa mchangani, si kwenye chanja, hata kipofu angeona. Alirudia hilo la kipofu mara kadhaa, anacheka mwenyewe.

Sasa nawauliza wenzangu wa chai ya saa nne: hiyo nauli ningeituma, ingefanya nini? Namjua baba. Asingetibu jicho ambalo anadhani halitibiki. Angenunua bati, au angemlipia mjukuu michango ya shule, na Jumapili angenishukuru na kuniambia hawajambo. Hela hufanya kile mzazi anachoamini kinahitajika, na anaweza kuwa haoni kinachohitajika. Kwa baba ilikuwa hivyo kabisa, bila mafumbo.

Sisemi hela isitumwe. Mama akiishiwa dawa za presha, hapo hakuna mjadala wala safari, ni kutuma dakika hiyo hiyo, maana dawa haisubiri mwisho wa wiki. Nasema tu kwamba katika zile mara chache ambazo kweli una nafasi ya kuchagua, nenda, na ukifika usikubali kile kiti chenye kitambaa. Kama kwenu hakuna ziwa, kapalilieni pamoja, kalisheni ng'ombe pamoja, kamenyeni karanga. Iwe kazi ya mikono inayomlazimisha mzazi kutumia macho yake, magoti yake na mgongo wake mbele yako. Na msiende Desemba. Desemba chombo kinajaa mpaka mlangoni, nauli za barabarani zinapaa, na nyumbani mnakuwa watoto wote kwa pamoja kila mtu akimwonyesha mwenzake simu.

Jicho la kushoto tumepangiwa tarehe, lakini imebidi isogezwe mpaka mpunga uvunwe. Aliyeisogeza ni mama. Anasema mwenye kukaa kwenye kichanja kufukuza ndege shambani ni mzee, na kwa kuwa sasa ana jicho moja jipya, anawaona tangu wakiwa kwa jirani. Nauli yake ya kuja nitaituma kwa simu, kwa hiyo na wale waliosema "tuma" wamepata kura yangu moja.