Barua kwa Haika: habari ya mbwa wa Amini

Kidia, Old Moshi

Mwanangu Haika,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na zile kurasa ulizoambatanisha nilimpelekea kijana wa steshenari pale Kiboriloni akanichapia, maana kwenye simu macho yangu yameshagoma. Huku wote wazima. Masika yamechelewa, ng'ombe amezaa ndama dume.

Umeniuliza kama tuanzishe mchango wa kumnunulia mdogo wako Amini mbwa anayejua kifafa kinakuja kabla hakijamwangusha. Umemwona mmoja kwa yule bibi unayemhudumia huko Leicester, na sasa umempata muuzaji Marekani anayetaka dola 20,000, na 3,000 zitangulie. Umeshaandika hata majina ya watu wa kuwaingiza kwenye kikundi cha WhatsApp. Mjomba wako Ndelilio wa pili kwenye orodha, mtu ambaye bado tunamdai mchango wa kipaimara chako.

Jibu langu ni hapana. Kikundi usifungue, na hizo dola 3,000 usitume. Lakini ujue kwamba usiku ule nilipoisoma mara ya kwanza nilisema ndiyo, tena nikapiga goti.

Miaka 15 hii mimi silali, nasinzia tu. Sikio moja liko chumba cha pili. Kile kitanda cha chuma kikigonga ukuta, miguu yangu iko chini kabla mimi mwenyewe sijajua nimeamka. Nikawaza, mnyama akilala pale miguuni pake, akibweka kwa wakati, na mimi nitalala kama watu. Kwa hiyo usidhani nimekataa kwa sababu sisi watu wa huku mbwa tunamjua wa kufunga getini tu.

Kulipokucha nikazisoma zile kurasa na miwani. Kuna mbwa wa aina mbili, Haika, na muuzaji amewachanganya makusudi. Yupo anayefundishwa cha kufanya mtu akishaanguka: abweke, aite watu, alale ubavuni mwake mpaka azinduke, huko Ulaya hata abonyeze kengele ya msaada. Huyo anafundishika, na kwa huku kubweka kungetosha, majirani si wako hapo? Wa pili ni huyo wa kuonya kabla. Wapo kweli, lakini wengi wanakuja kujua wenyewe baada ya kukaa na mtu wao muda mrefu, na wengine wanazeeka bila kujua. Sasa mtu aliyeandika kwamba mbwa wake "hakosei", naye hajawahi hata kuinusa shati ya Amini, mimi namwona kama wale wa stendi wanaouza simu iliyofungwa kwenye karatasi.

Umeandika kwamba Morogoro wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, sasa mbwa atashindwaje. Swali zuri, limenisumbua siku mbili. Yule panya analetewa makohozi yenye ugonjwa na yasiyo nao, akipatia anapewa ndizi, akikosea mwalimu anaona palepale, na kesho wanarudia. Kifafa cha Amini hakina ratiba. Utamkalisha mbwa siku ngapi akingoja somo? Ule utafiti wa Ufaransa wa 2019 ni mkubwa, sibishi: mbwa 5 walipewa jasho na pumzi za wagonjwa, wakatenga harufu iliyochukuliwa wakati wa kifafa na ile ya siku ya kawaida. Lakini hiyo ni harufu ya kifafa kilichokwisha fika. Muuzaji wako anauza dakika za kabla.

Na ule wa Uholanzi uliotoka 2024, ulioupigia mstari, uliwafuata watu 25, na kwa waliopata mbwa kuanguka kulipungua kama theluthi moja kwa wastani. Nilifurahi. Halafu nikarudi nyuma nikaona ni watu gani: ni wale ambao dawa zimewashinda, moja baada ya nyingine. Hapo nikaenda jikoni.

Unaikumbuka kalenda ya usharika nyuma ya mlango wa jikoni? Kila Amini akianguka naweka msalaba kwa kalamu nyekundu. Mwaka huu misalaba ni 11. Nikaihesabu na daftari langu la zahanati pembeni. Minane imeangukia ndani ya zile wiki ambazo tulienda zahanati tukaambiwa dawa yake, kabamazepini, imekwisha, njooni Jumatatu, na Jumatatu tukaambiwa hivyo hivyo. Siku zile nilikuwa nampa nusu kidonge ili zifike mbali. Kosa langu hilo, nesi amenigombeza na ana haki. Kumbe mdogo wako si wa kundi la Uholanzi. Shirika la Afya Duniani linasema watu 7 katika 10 wangeweza kuishi bila kuanguka wakichunguzwa na kutibiwa ipasavyo. Sisi hata hatujafika mahali pa kujua kama yeye ni wa wale saba au wa wale watatu.

Mambo ya vibali, chanjo ya kichaa cha mbwa, sanduku la ndege mpaka KIA, sitayasema sana. Yale mashirika mazuri kama lile la Sheffield linalotoa mbwa bure linawahudumia wa kwao, tena mgonjwa anafundishwa pamoja na mbwa wake, hatumiwi kama kifurushi. Mbwa wetu Popi usimtie hesabuni. Amini alipoanguka uani mwezi wa tatu, Popi alikimbilia chini ya banda la ng'ombe, hakutoka hata kula.

Lakini kilichofunga mjadala ni Amini mwenyewe. Mimi na wewe tumeandikiana juu yake kama mtoto, ana miaka 24. Nikamsomea barua yako jioni akimenya ndizi. Akasikiliza mpaka mwisho, akaiangalia ile picha ya mbwa mwenye koti jekundu. Akaniuliza koti limeandikwa nini. Nikamwambia limeandikwa kwamba ni mbwa wa mgonjwa wa kifafa, asisumbuliwe. Akaendelea kumenya ndizi mbili nzima. Ndipo akasema: "Mama, sasa hivi wanaojua ni wale walioniona nikianguka. Huyu atanitangulia kila mahali akiwatangazia na wengine."

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwepo Kiboriloni siku ile alipoanguka amebeba mkungu wangu wa ndizi mshale. Watu walifungua duara kubwa kama wanaangalia ngoma. Mmoja anapiga kelele msimguse, akitoa hewa mtaambukizwa. Mwingine, mwenye nia njema kabisa, akamsokomeza mpini wa kijiko mdomoni, ndiyo maana jino la mbele limekatika. Aliyemsaidia ni mama mmoja muuza viatu vya mtumba. Aliukunja mtandio wake akaweka chini ya kichwa, akamgeuza ubavu, akakitoa kile kijiko, akamwambia kijana wa bodaboda, "Angalia saa, zikipita dakika tano tunamkimbiza hospitali." Zilipita tatu. Nilipomuuliza amejifunzia wapi, akasema ana binti nyumbani.

Na mchango nao una mambo yake. Kila atakayetoa elfu kumi atakuwa amenunua haki ya kumsimamisha Amini njiani amuulize, vipi, umeanguka lini tena? Ya harusi tunachangisha kwa sababu harusi inaisha.

Najua pia unahesabu miaka yangu. Mimi nahesabu pia. Amini naye, usidhani hahesabu.

Ulisema pauni 60 kwa mwezi unaweza kuzitoa mwenyewe bila kumwomba mtu. Hizo nazitaka. Kwanza dawa za miezi mitatu mbele zikae ndani ya kabati, zahanati ikiwa nazo au ikiwa haina. Kisha kliniki ya KCMC, apimwe umeme wa ubongo na daktari aangalie dozi upya, maana anameza ile ile aliyopewa akiwa na kilo 45. Na jiko: nataka la gesi, liwekwe juu ya meza ya saruji. Lile kovu la mkono wa kushoto alilipata kwenye mafiga, na kila akikaa karibu na moto mimi nasimama. Pale anapovuka mfereji, Ndelilio ameahidi kuweka mbao pana, na safari hii nitamfuata mpaka aziweke.

Jirani yetu Mama Eliya mbwa wake amezaa watano. Amini ameshakwenda kuwaona mara mbili, ananiambia anapita tu. Akileta mmoja sitamkataza. Atakula makombo, hatavaa koti.

Dawa zilizopo zinamfikisha tarehe 19. Ukituma, tuma kwenye namba yake, yangu acha. Duka la dawa atakwenda mwenyewe.

Mama yako