Kabla ya Kuomba Tena, Rudisha Taarifa

Kwa miaka saba nilikuwa mwekahazina wa kamati ya ujenzi ya shule ya sekondari ya wasichana inayomilikiwa na parokia moja mkoani Kilimanjaro, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikuwa kuomba. Harambee yetu ya kwanza ilifana sana: mgeni rasmi alifika, kwaya iliimba, mbuzi walipigwa mnada, na ahadi zilizotangazwa zingetosha kuezeka bweni zima. Miezi sita baadaye hatukuwa tumepokea hata nusu yake. Kosa lilikuwa letu, kwa kuwa ahadi nyingi tuliziandika bila namba ya simu wala tarehe ya kulipa, na hakuna aliyepewa jukumu la kuzifuatilia.

Tulipoanza upya tulianza na daftari. Kila aliyeahidi aliulizwa atalipa lini, na mkulima aliyejibu kwamba atalipa akishauza kahawa hakusumbuliwa wakati wa masika. Aliyetoa shilingi elfu mbili alipewa risiti sawa na aliyetoa milioni, na kila baada ya miezi mitatu tulibandika kwenye ubao wa kanisa ukurasa mmoja wa mapato na matumizi, ambao viongozi wa jumuiya ndogo ndogo waliusoma pia kwenye sala za nyumba kwa nyumba.

Ukurasa uliotutia hofu kuliko yote ni ule uliolazimika kueleza kwamba mifuko kadhaa ya saruji ilinyeshewa na kuganda kwa uzembe wetu wenyewe. Paroko alisita, akihofia kwamba waamini wangekata tamaa, nami nikamsihi isomwe kama ilivyo, kwa sababu mafundi walikuwa wameiona saruji hiyo na habari zilikwisha kufika sokoni. Ilisomwa, watu wakanung'unika, kisha jumuiya mbili zikajitolea kuifidia. Tangu siku hiyo sikumruhusu mjumbe yeyote aandike taarifa yenye habari njema peke yake.

Kuhusu wahitimu, nashauri mkutano wao ufanyike kati ya Krismasi na Mwaka Mpya, wakati Wachaga walioko Dar es Salaam na kwingineko wamerudi nyumbani. (Fanyeni asubuhi, mchana kila mtu ana ukoo wake na nyama yake.) Waonyesheni bweni walilolala wao, halafu waombeni kitu kimoja chenye bei inayojulikana, kwa mfano kitanda cha ghorofa au ada ya binti mmoja yatima kwa mwaka. Ombi la ada lina uzito wa pekee tangu serikali ilipofuta ada katika sekondari zake hadi kidato cha nne mwaka 2016, kwani kwa shule kama yetu kupandisha ada ili kuziba pengo ni kuwasukuma watoto wa maskini watoke. Fedha za ada na za ujenzi zikae katika akaunti mbili tofauti. Mkichota za bweni mlipe mishahara, hata kwa mwezi mmoja tu, maelezo yake hayatakwisha.

Wafadhili wa nje niliwaweka mwisho kwa makusudi. Kamati nyingi huwaandikia kwanza, kana kwamba Ulaya kuna sanduku lisilokauka, ilhali shirika kama Misereor, lililoanzishwa na maaskofu wa Ujerumani mwaka 1958, hutegemea pia sadaka za Kwaresima za waamini wa kawaida wa huko. Tulipoandika andiko la mradi wa matangi ya maji na kulipitisha jimboni ili lipate barua ya askofu, shirika tuliloliomba lilituuliza kwanza wenyeji wamechangia nini na fedha hizo zilitumikaje. Sikuandika maelezo mapya. Nilitoa nakala za kurasa zile za ubaoni, ule wa saruji ukiwamo, nikaziambatanisha.