Shangazi, nilisema "tumwombee" nikamwaga siri

"Shangazi, shikamoo. Ni mwanakwaya, miaka 34. Rafiki yangu alinieleza kwa machozi kwamba mumewe amesimamishwa kazi kwa sababu ya upotevu wa fedha. Kwenye maombi ya akina mama nikasema tumwombee dada yetu, nikaeleza kidogo. Habari imefika sokoni, na mama mkwe wake anayo. Rafiki yangu haniangalii tena. Kwenye kundi la WhatsApp la kwaya ameandika kwamba kuna watu wanaimba huku wanang'ata. Wenzangu wanasema nisinyamaze. Nimeandika ujumbe mrefu wa kujieleza pale kundini. Niutume?
Mwenye majuto, Morogoro"

Marahaba, mwanangu. Usiutume. Ufute kabisa, maana ujumbe wa namna hiyo ukikaa kwenye simu, siku moja saa nne usiku utaondoka wenyewe.

Sasa tuongee kuhusu hiyo "kidogo" yako. Ndiyo iliyotembea hadi sokoni. Ungesema "tuombee nyumba moja iliyo katika shida", Mungu angeijua ni ipi bila kusomewa sababu. Nimekaa vikao vya maombi ambako ombi lilichukua dakika ishirini na sala yenyewe mbili, kwa hiyo si wewe peke yako. Ila Mithali 11:13 haikuacha nafasi ya siri inayofunuliwa kwa nia njema.

Wenzako wanaokuhimiza ujibu huenda watakutolea Mithali 26:5, mjibu mpumbavu. Waambie waanze na mstari wa 4, unaokataza. Halafu yote miwili inamhusu mpumbavu, na rafiki yako si mpumbavu. Ameumia.

Mfuate Abigaili wa 1 Samweli 25. Mumewe, Nabali, alikuwa amemtukana Daudi, na Daudi alikuwa njiani na watu 400 wenye panga. Abigaili alitanguliza punda wenye mikate 200, kondoo watano na zabibu kavu, ndipo akafika mwenyewe, akashuka, akasema uovu huo uwe juu yake. Kosa halikuwa lake! La kwako ni lako, basi usiniletee "lakini". Na ninachokipenda zaidi ni aliporudi nyumbani: akamkuta Nabali amelewa kwenye karamu, hakumwambia neno hata moja mpaka asubuhi. Habari ilikuwa ile ile. Alichagua saa ya kuisema.

Kwa hiyo nenda nyumbani kwake, si kanisani baada ya ibada watu wakiwatazama. Beba kilo mbili za sukari, usiende mikono mitupu. Sema: "Uliniamini, nikasema mahali ambapo hukuniruhusu. Nimekukosea. Nisamehe." Unyamaze. Akikufokea, sikiliza hadi mwisho. Usimwambie nia yako ilikuwa maombi.

Mumewe je? Barua yako yote haijamkumbuka, na siri ilikuwa yake kwanza. Mtu akisimamishwa kupisha uchunguzi bado hajahukumiwa, lakini sokoni huenda ameshaitwa mwizi. Siku hizi pengine yuko nyumbani kutwa. Muombe radhi naye, mbele ya mkewe.

Ukitoka hapo, rudi kwa akina mama wale wale. Mwone kwanza kiongozi wao, kisha useme: "Juzi nilitaja jambo ambalo halikuwa langu, wala sikuwa na hakika nalo. Naomba lisiendelee." Usilirudie jambo lenyewe, hata akitokea wa kukuuliza "lipi hilo?" Atatokea, tena atauliza kwa upole sana.

Fanya ziara hiyo kabla ya Jumapili. Mathayo 5:24 inataka sadaka ingoje upatane kwanza na ndugu yako, na sauti yako ya kwaya nayo ni sadaka.

Na asipokufungulia mlango, rudi na sukari yako, ujaribu wiki ijayo. Usimwachie jirani ujumbe.