Kidonge cha Kisukari Hakijui Kama Umekula

Maswali ya wasomaji kuhusu dawa, pamoja na majibu ya mfamasia wetu

SWALI: Mheshimiwa mfamasia, pokea salamu kutoka Tororo. Mimi ni dereva wa lori, napeleka mizigo kutoka Malaba hadi Kampala. Mwaka jana niligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili, na katika daftari langu la hospitali daktari ameandika metformini 500 BD na glibenklamidi 5 OD. Sukari imeshuka, nashukuru. Lakini siku tunapokwama kwenye foleni ya mpakani tangu alfajiri, mikono hutetemeka, kijasho chembamba hunitoka na macho huingia ukungu nikiwa kwenye usukani. Jirani ananishauri niache vidonge vyote ninywe maji ya mululuza, yale majani machungu. Nifanye nini? (Dereva, Tororo)

JIBU: Ndugu dereva, dalili ulizozieleza ni za sukari iliyoshuka kupita kiasi, na kwa mtu anayeendesha lori hiyo ni dharura, si usumbufu wa kuvumilia. Kabla ya kuvilaumu vidonge vyote kwa pamoja, afadhali uvitenganishe, kwa kuwa kazi zake hazifanani hata kidogo. Metformini, ambayo herufi BD zinakuagiza uimeze mara mbili kwa siku, hulizuia ini lisimwage sukari nyingi katika damu, na huusaidia mwili kuitikia insulini yake wenyewe. Ikitumiwa peke yake ni nadra kuishusha sukari hadi mtu akatetemeka. Glibenklamidi, ambayo herufi OD zinakuagiza uimeze mara moja kwa siku, hulisukuma kongosho litoe insulini, na hulisukuma iwe umekula au hujala, kwa muda unaoweza kufika saa 24. Ukiimeza alfajiri kwa chai kavu, kisha chakula ukakipata alasiri, insulini inaendelea kutoka huku hakuna sukari mpya inayoingia. Naona shida yako iko hapo.

Kwa hiyo kidonge hicho kimeze pamoja na mlo wa kweli, na siku ambayo huna hakika ya kula, usikimeze. Dalili zikianza, egesha lori pembeni na uzime injini kabla ya kufanya lolote lingine. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari katika maji unywe, au unywe nusu glasi ya soda ya kawaida, si ile isiyo na sukari, kisha ungoje dakika 15 upime. Kipimo kikiwa bado chini ya 70 (mashine nyingine zitakuonyesha 3.9, kwa kuwa zinatumia kizio tofauti, gawanya 70 kwa 18 utaona), rudia. Kikishapanda, kula chakula cha kushibisha, muwogo au posho kwa maharagwe, kwa sababu dawa hii inaweza kuishusha sukari tena saa kadhaa baadaye, wakati wewe umeshajihesabu mzima. Usirudi kwenye usukani papo hapo; akili huchelewa kutulia kuliko mashine, na dakika 45 baada ya kipimo kurudi sawa si nyingi. Taniboi wako naye afundishwe haya, na ajue kwamba mtu aliyezimia hanyweshwi kitu, bali hukimbizwa hospitali.

Halafu rudi kliniki bila kusubiri tarehe uliyopangiwa, umweleze daktari kazi yako na saa unazokula, jambo ambalo wagonjwa wengi hawalisemi kwa sababu hakuna aliyewauliza. Ziko dawa za kundi hilohilo zenye hatari ndogo zaidi, kama gliklazidi, na ziko za makundi mengine zisizolisukuma kongosho namna hiyo. Ukiwa umepita miaka 60, sababu ya kubadilishiwa ni kubwa zaidi, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya dawa muhimu, linasema glibenklamidi haiwafai watu wa umri huo.

Ama mululuza, siudharau. Uchunguzi wa maabara uliofanywa kwa panya umeonyesha kwamba majani yake yanaweza kushusha sukari, na hapo ndipo penye hatari: kikombe cha leo na cha kesho havina nguvu sawa, na ukikiongeza juu ya glibenklamidi utakuwa unaishusha sukari ambayo tayari inakuangusha.

SWALI: Nina umri wa miaka 58 na natumia metformini peke yake. Tumbo huniendesha kila asubuhi, na wenzangu wananiambia dawa hii huua figo. Kwa kuwa kipimo changu kabla ya kula sasa ni 6.1, je, naweza kuiacha? (Hajati, Bombo)

JIBU: Hajati, 6.1 ni kipimo kizuri, lakini ni cha mtu aliye ndani ya dawa. Tone la kidole huonyesha hali ya asubuhi moja tu. Kipimo cha damu kiitwacho HbA1c huonyesha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu, na kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Wapo walioacha vidonge: katika utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa 2017, karibu nusu ya waliowekwa katika mpango mkali wa kupunguza uzito walikuwa chini ya kiwango cha kisukari baada ya mwaka mmoja, bila dawa. Hao walikuwa na ugonjwa kwa muda usiozidi miaka 6, na walifuatiliwa kwa karibu.

Figo haziuawi na metformini. Zinaharibiwa na sukari na shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Ukweli uliogeuzwa ni kwamba dawa hii hutolewa mwilini kupitia figo, hivyo figo zikidhoofika sana hujikusanya katika damu na kuwa hatari. Ndiyo maana daktari hupima damu kila mwaka kuona figo zinavyofanya kazi, akapunguza dozi au kuisimamisha. Omba pia upimwe vitamini B12 ikiwa umeitumia kwa miaka mingi, maana upungufu wake huleta ganzi miguuni ambayo watu huidhania ya kisukari.

Kuhusu tumbo, meza kidonge katikati ya chakula, na umwombe daktari akurudishe kwenye dozi ndogo, ipandishwe polepole. Iko pia metformini inayoyeyuka taratibu, ambayo haitafunwi wala kusagwa. Ukiona ganda lake chooni usishtuke. Dawa yenyewe imekwisha kuingia mwilini.

SWALI: Nikisahau kidonge cha asubuhi, nimeze viwili jioni? (Mwalimu, Kasese)

JIBU: Hapana, mwalimu. Meza cha jioni kama kawaida. Na unapokatiwa vidonge vichache dukani, omba kipande cha karatasi chenye jina na tarehe ya mwisho, ili atakayekukuta umeanguka aweze kumwambia daktari umemeza nini.