Ndoa ya Kanisani: Vyeti, Mahari na Maneno ya Wazee

Wasomaji wetu Wakatoliki wa hapa Tanzania wametuuliza haya kuhusu kufunga ndoa na kuilinda.

Kamati ya harusi imeshaanza vikao na tunataka kufunga mwanzoni mwa Desemba. Kwa paroko twende lini?

Nendeni sasa, kabla kamati haijalipia ukumbi. Parokia nyingi hutaka miezi mitatu au zaidi: barua ya jumuiya ndogondogo mnayosali, mafundisho ya ndoa, mahojiano ya kila mmoja peke yake, kisha majina yenu kutangazwa kanisani Jumapili tatu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inataka notisi ya siku 21.

Kinachokwamisha wengi ni cheti cha ubatizo. Kile cha zamani kilichokunjwa kabatini hakitoshi. Paroko anataka kilichotolewa karibuni, kwa kawaida ndani ya miezi sita, na parokia uliyobatizwa. Sababu ni kwamba ndoa huandikwa kwenye daftari la ubatizo, hivyo cheti kipya ndicho kinachoonyesha kama uliwahi kufunga ndoa nyingine. Aliyebatizwa Songea na anafanya kazi Mwanza aanze na cheti, mengine yafuate.

Halafu mwanzoni mwa Desemba ni Majilio, majuma ya kujiandaa na Krismasi. Parokia nyingi hazifungishi harusi za shangwe Majilio wala Kwaresima, na Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu hakuna ndoa kabisa. Ulizeni kabla ya kuchapisha kadi.

Baba mkwe anasema mahari isipoisha, binti hakanyagi kanisani. Ana haki?

Ana haki ya kudai alichoahidiwa. Lakini ndoa hufanywa na ridhaa ya wawili wanaooana, na sheria ya 1971 inasema wazi kwamba ndoa haibatiliki kwa sababu mahari haijalipwa. Hata hivyo msimpite mzee kwa kifungu cha sheria. Mtumeni mshenga pamoja na mzee wa jumuiya anayeheshimika pande zote mbili, na makubaliano yaandikwe: kilichotolewa, kilichobaki, tarehe, saini za pande zote. Wazazi wengi hulegea wakishika karatasi hiyo.

Msikubali kuanza kuishi pamoja huku mkisubiri ng'ombe wawili waliobaki. Hapo ndipo watu hukaa miaka kumi bila kukomunika, watoto wanakua, na deni la mahari halijapungua hata shilingi.

Mama yangu ndiye aliyemsimamia mchumba wangu ubatizo. Wazee wanasema sisi ni ndugu.

Oaneni. Zamani kulikuwa na kizuizi kati ya mbatizwa na msimamizi wake mwenyewe, na sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 ilikiondoa kwetu sisi wa Kanisa la Kilatini, yaani Wakatoliki wa mapokeo ya Roma. Wewe ni mtoto wa msimamizi tu.

Kinachozuia kweli ni damu, hadi watoto wa ndugu: mtoto wa shangazi, wa mjomba, wa baba mkubwa au wa mama mdogo. Kuna makabila na familia za pwani ambako kuoa binamu ni jambo la sifa, lakini kanisani lazima ipatikane ruhusa ya Askofu kwanza. Mwambieni paroko siku ya kwanza kabisa. Likiibuliwa na jirani wakati wa matangazo, harusi inasimama.

Pete yangu ya ndoa imepotea. Ni ishara mbaya?

Hapana. Nunueni nyingine, padre aibariki.

Mume wangu tuliyefunga naye ndoa kanisani anataka mke wa pili. Anasema ataibadilisha ndoa bomani.

Hawezi. Ndoa ya Wakristo wawili iliyofungwa kanisani haigeuzwi kuwa ya wake wengi maadamu wote wawili bado ni Wakristo. Hata akibadili dini, ugeuzaji wa ndoa unahitaji tamko la hiari la wote wawili mbele ya jaji au hakimu, kwa hiyo bila wewe hakuna kitu. Usisaini karatasi yoyote usiyoielewa, hata akikubembeleza kwamba ni ya kiwanja.

Tunza cheti chako cha ndoa mahali asipopafikia, na nakala umwachie mtu unayemwamini. Ukisikia ametoa notisi ya kuoa, peleka pingamizi la maandishi kwa msajili au kwa anayetarajiwa kufungisha ndoa hiyo, mapema, kabla haijafungwa. Na mwone paroko wiki hii hii, usingoje hadi mwanamke mwingine aletwe nyumbani.